Mpagazi Aliyefunga Mzigo Miaka Kumi na Mitano

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe hapa Tabora, asifiwe Kigwa kwa mama yangu, asifiwe na kule Dodoma zabibu zinakoiva! Nina furaha mpaka mkono unatetemeka, na safari hii mjue kinachoutetemesha ni furaha tu.

Mimi naitwa Leonsi. Wengi wenu mnanijua kama Leonsi wa Asali, kwa sababu kwa karibu miaka ishirini nimekuwa nikinunua asali kwa warina wa huku kwetu na kuipeleka Dodoma kwa treni. Nina miaka arobaini na sita. Elimu yangu ni kidato cha nne. Ushuhuda huu niliutoa kwa mdomo Jumapili moja, lakini mchungaji akasema watu walicheka mno, hata waliokaa nyuma hawakusikia nusu yake. Akaniomba niuandike ili usomwe kwa utulivu. Haya, nausimulia tena, na mkicheka si kosa langu.

Ndugu zangu, mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Tangu ujana wangu, honi ya treni ikilia, miguu inaniwasha. Na nikiwa safarini kazi yangu ilikuwa moja: kukaa dirishani na kutazama nje. Wenzangu walikuwa wanaona pori. Mimi nilikuwa naona misafara. Mnajua wote kwamba njia ya zamani ya kwenda pwani ilipita huku kwetu, na kwamba babu zetu Wanyamwezi ndio walioibeba biashara yote ile kwa mabega yao. Basi kila nilipopita Itigi na Manyoni niliwaona: watu mia mbili, mia tatu, mmoja nyuma ya mwingine, na pembe za ndovu begani. Nilikuwa nawakumbuka watu ambao sijawahi kuwaona. Ni ugonjwa, lakini ni ugonjwa mtamu.

Mama yangu ndiye aliyeniambukiza. Babu yake alikuwa mpagazi, jina lake Kapela. Alitoka Kigwa kijana, akaenda mpaka pwani na mzigo, akarudi. Mama aliisikia hadithi hiyo kutoka kwa mama yake, naye akanisimulia mimi, mara nyingi, huku anamenya karanga. Hakujua kusoma. Siku moja aliniambia, "Leonsi, wewe umesoma. Mwandike babu. Ukimaliza utanisomea mimi wa kwanza."

Nikasema, "Nitakuandikia kitabu kizima, mama. Riwaya!"

Nilisema kwa moyo wote. Sikudanganya. Siku hiyohiyo nilinunua kaunta buku.

Sasa niwaambie kuhusu divai.

Kule Dodoma asali yangu nilikuwa nampelekea mama mmoja wa Kigogo anayeitwa Mama Ndahani. Ana shamba la mizabibu, anakamua, anatengeneza divai na kuuza. Ni mtani wangu, kwa sababu Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi hizohizo za misafara. Yeye ndiye aliyenionjesha glasi ya kwanza. Ndugu zangu, sikuja hapa kuitukana divai. Ilikuwa nzuri! Nyekundu, kali kidogo ulimini, halafu inakuachia ladha kama ya udongo uliopata mvua ya kwanza. Nilijifunza kuijua. Ukinipa ya mwaka wa mvua na ya mwaka wa jua, nilikuwa nakutajia ipi ni ipi nikiwa nimefumba macho. Nilikuwa napeleka asali na kurudi na divai, boksi moja, baadaye maboksi mawili. Na kila mtu akiniuliza, nilikuwa na jibu tayari: mbona Bwana wetu alianzia kazi yake harusini Kana? Kwa miaka mingi sehemu ya Maandiko niliyoijua vizuri ilikuwa hiyo tu.

Nikajiambia kwamba divai ndiyo inayoandika. Kalamu mkono wa kulia, glasi mkono wa kushoto. Na nilipokuwa nakwenda Kigwa kumsikiliza mama, nilikuwa nabeba chupa. Yeye anamenya karanga, mimi nakunywa kidogo kidogo, yeye anasimulia. Mwanzo wa hadithi ulikuwa mwanzo wa chupa. Mwisho wa hadithi ulikuwa mwisho wa chupa.

Naomba mwende nalo hilo, ndugu zangu. Tutalirudia.

Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Niliandika sura ya kwanza: Kapela, alfajiri, nje ya nyumba ya mama yake, anafunga mzigo wake kwa kamba ya gome la mti. Nikaenda kuichapa mjini, nikaipeleka kwa posta kwa wachapishaji fulani Dar es Salaam. Baada ya miezi mitatu ikaja barua. Ilikuwa fupi: "Tumeisoma sura yako na tumeipenda. Tafadhali tuletee iliyobaki."

Haleluya? Hapana, subirini kwanza. Iliyobaki haikuwepo!

Mtu mwenye akili angekaa chini akaandika. Mimi nilisherehekea. Niliisherehekea barua ile miaka saba. Nilitembea nayo mfukoni mwa shati, nikiionyesha kwenye grosari za pombe, kwenye treni, kwenye harusi za watu. "Mimi ni mwandishi," nasema, "Dar wananisubiri." Karatasi ilichakaa mpaka ikakatika kwenye mikunjo, nikaiunga kwa selotepu. Mke wangu Agnes, ambaye Mungu amempa subira kuliko watu wote ninaowajua, aliniuliza mara moja tu: "Baba Neema, hao watu wa Dar wanasubiri kitabu au wanasubiri barua yao irudi?"

Nilikasirika siku mbili.

Agnes alikuwa amekataza divai ndani ya nyumba yetu. Kwa hiyo nikahamishia mambo yangu Kigwa kwa mama. Chini ya kitanda chake niliweka boksi moja la divai. Ndani yake mlikuwa na kaunta buku zangu, na juu yake chupa mbili za akiba, kwa ajili ya kazi. Mama alilipangusa vumbi boksi lile kila Jumamosi. Alikuwa anaamini babu yake yumo mle ndani, anatembea.

Na kila nilipofika alinipokea kwa swali moja. "Leonsi, yule babu amefika?"

"Bado, mama. Yuko njiani."

Miaka kumi na mitano, ndugu zangu. Yuko njiani.

Halafu mama akaugua. Tulimleta mjini, akalazwa hospitali ya mkoa pale Kitete. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Dodoma asubuhi ile. Nilikwenda kumwona saa ya wagonjwa kuonwa, mchana, natafuna bigijii ili asisikie harufu. Alisikia. Mama gani asiyesikia? Lakini hakusema. Alinishika mkono akaniuliza, "Yule babu amefika?"

"Bado kidogo, mama. Yuko njiani."

"Njiani wapi?"

Sikujua. Sikujua yuko wapi! Mama akacheka kidogo, kicheko chake kile cha puani, akasema, "Mwambie aharakishe. Mimi nimechoka kusimama mlangoni."

Alitutoka siku ya tatu. Tukamzika Kigwa.

Msiba ule ulikuwa na watu wengi, na watani hawakukosa. Mama Ndahani alipanda treni akaja. Walioko mbali na mila zetu huenda wakashangaa, kwa hiyo naeleza: kwetu mtani akija msibani, anakuja kufanya kazi, na kazi yake nyingine ni kuwachekesha waliofiwa hata kama hawataki. Anaweza kumwigiza marehemu. Anaweza kukamata kitu cha nyumba ile na kukizuia mpaka mkikomboe, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Siku ya matanga tulikuwa tumekaa chini ya turubai. Mara Mama Ndahani akatoka ndani. Amejifunga kanga ya mama, ameweka mkono kiunoni, anatembea vilevile mama alivyokuwa anatembea, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo. Watu wakaanza kuguna. Akapita katikati ya wazee, akaja mpaka mbele yangu, akaniinamia, akasema kwa sauti ya mama yangu kabisa:

"Leonsi! Yule babu amefika?"

Turubai zima likalipuka kwa kicheko. Kumbe wote walikuwa wanajua! Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri!

Sijapata pumzi, Mama Ndahani amesharudi ndani, anatoka akiburuta boksi langu. Aliliona, akalitambua, maana ni boksi la kwake mwenyewe. Alidhani ni divai tupu.

"Hongo!" akapiga kelele. "Nimekamata hongo yangu!"

Hongo ni ule ushuru wa kupita ambao misafara ya zamani ilikuwa inawalipa Wagogo.

"Mtani, weka chini," nikasema. "Hilo si la utani."

"Si la utani? Babu zako walipita kwetu na pembe zao, wakalipa. Wewe umepita miaka yote hii na asali yako, umelipa nini? We mpagazi, umelipa nini?"

Wazee wakamuunga mkono. "Mwambie huyo! Hajalipa!"

Akapasua boksi. Akatoa chupa mbili, akaziweka kando. Halafu akatoa kaunta buku moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Akazitazama.

"Kha! Mnyamwezi anafuga karatasi!" akasema. "Haya, usichonipa kwa hiari utanipa kwa mdomo. Soma."

Nilikataa. Mjomba Masele, kaka wa mama, akasema, "Kijana, mtani amesema soma." Basi nikafungua ya kwanza, nikasoma kwa sauti. Alfajiri, Kapela anafunga mzigo wake kwa kamba ya gome. Watu wakatulia. Akina mama wakaacha kuosha vyombo. Niliona uso wa mjomba umebadilika, nikapata moyo. Nikafungua ya pili.

Jua lilikuwa halijachomoza, Kapela alipoanza kufunga mzigo wake.

Nikafungua ya tatu. Umande ulikuwa bado majanini. Kapela aliinama, akaushika mzigo, akaanza kuufunga.

"Hebu ngoja," akasema Mjomba Masele. "Anafunga tena?"

Nikafungua ya nne. Ya tano. Jasho linanitoka. Ndugu zangu, kaunta buku kumi na moja, na katika zote yule mtu alikuwa anafunga mzigo! Kila nilipokaa na glasi yangu nilianza upya, nikidhani nairekebisha, na kila nilipoanza upya nilianzia palepale, kwa sababu hapo ndipo chupa ilikuwa bado imejaa. Baada ya hapo sikuwa na kitu kichwani. Kapela wangu hakuwa njiani. Hakuwa ametoka hata uani!

"Mpagazi gani huyu?" Mama Ndahani akashika kichwa. "Miaka kumi na mitano anafunga mzigo! Babu zetu si wangekufa njaa Ugogo wakimsubiri apite!"

Watu walicheka mpaka mwenye kikohozi akakohoa. Na mimi nilicheka. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikajikuta ninalia, kwa sababu nilimkumbuka mama akipangusa vumbi lile boksi.

Mama Ndahani akakaa chini karibu yangu. Sauti yake ikashuka. "Mtani, mwisho wake ni upi? Alifikaje nyumbani?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Mama alinisimulia mwisho ule mara ngapi sijui, na kila mara mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wa chupa. Sikuukumbuka. Na aliyeujua tulikuwa tumemzika juzi yake.

"Sijui," nikasema. "Mtani, sijui. Mwisho umepotea."

Akanitazama. "Haujapotea. Nilipokuja kumtembelea mwaka juzi tulimenya karanga pamoja, akanisimulia wote. Ninao."

"Niambie!"

"Sikwambii." Akasimama, akatangaza kwa wote wasikie. "Boksi hili nalipeleka kwetu. Mwisho wa babu yake pia ninao mimi. Akitaka kukomboa, amtembeze huyo mtu kwa miguu yake mpaka mlangoni kwa mama yake. Siku akifika mlangoni, anipigie simu. Nitamwambia alivyoingia."

Wazee wakapitisha kwa makofi. Akaondoka na boksi, na divai yangu pia.

Ndugu zangu, wengine Mungu anawatumia malaika. Mimi alinitumia Mgogo!

Lakini msidhani niliokoka hapohapo. Nilirudi mjini, nikanunua kaunta buku mpya, nikanunua na chupa. Nikakaa kwenye meza ya jikoni, Agnes amekwenda sokoni. Nikanywa glasi moja, nikaandika. Nikanywa ya pili, nikasoma nilichoandika.

Kapela aliinama, akaushika mzigo wake, akaanza kuufunga.

Mimi niliyejiona mtu huru, wa kupanda treni na kushuka nitakapo, nilikuwa nimefungwa uani kwa mama yangu na kamba ya gome. Nikapiga magoti palepale kati ya sufuria. Sikuwa na maneno ya kikanisa. Nilisema, "Bwana, mimi sijui kutoka hapa. Nitoe." Basi. Hiyo ndiyo sala yote.

Na wazo likanijia, wazi kama mtu amelisema: wewe hujawahi kuubeba.

Ilikuwa kweli! Nimeandika mzigo miaka kumi na mitano na sijawahi kuuweka begani. Nilikuwa naitazama njia ya babu kupitia dirisha la treni.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kigwa. Nikajaza asali debe moja, uzito wake karibu sawa na mzigo wa mpagazi. Nikalifunga kwa kamba, kazi ambayo angalau niliijua kwa maandishi. Mgongoni nikaweka mkoba wenye daftari la shule, kalamu, maji na chupa moja ya divai, kwa sababu nilikuwa bado naamini haiandikiki bila hiyo. Asubuhi nikapita kaburini kwa mama, nikaweka debe begani, nikaanza kutembea kuelekea Tabora.

Nani aliwaambia bega ni kitu cha kuchezea? Hata kilomita mbili sijafika, nilikuwa naona nyota mchana. Kijana wa bodaboda akasimama.

"Mzee, panda basi."

"Natembea."

"Umegombana na nani?"

"Na babu yangu."

Akacheka, akawasha pikipiki. "Msalimie!"

Nilipumzika mara ya kwanza kwenye kichuguu. Nikaandika: bega linavyowaka, shingo inavyokakamaa, jinsi unavyoanza kuuchukia mzigo kama vile ni mtu. Nilipumzika mara ya pili, nikaandika jinsi bega na mzigo vinavyozoeana. Na mara ya tatu nikagundua jambo ambalo kila mpagazi alilijua: kuna kitu lazima ukiache. Nikafungua mkoba. Maji siwezi kuacha. Daftari siwezi kuacha. Nikaishika ile chupa.

Natamani niwaambie niliimwaga kwa utakatifu, nikakemea. Hapana, ndugu zangu. Niliiacha kwa sababu ya uzito! Niliisimamisha juu ya kichuguu, imejaa, haijafunguliwa, nikaenda zangu. Baada ya hatua kama mia nikageuka. Bado inang'aa pale juu, nyekundu, na jua linapita ndani yake. Ilikuwa nzuri. Nikageuka tena, nikatembea. Bwana ana njia zake! Wengine anawaonyesha jehanamu. Mimi alinionyesha kwamba ninabeba kitu kisichonisaidia kufika.

Nilitembea siku mbili. Nilipoingia Tabora mjini jioni ya siku ya pili, bega limevimba, Agnes akafungua mlango, akanitazama mimi na debe langu.

"Umetoka wapi?"

"Uani kwa mama," nikasema. "Nimetoka, Mama Neema. Nimetoka!"

Hakuelewa, lakini alisikia pumzi yangu haina divai, akaelewa hilo. Akaenda kuchemsha maji ya kunikanda.

Siku zilizofuata hazikuwa rahisi. Mikono ilitetemeka, usingizi uliniruka, na mara mbili nilijikuta nimesimama mbele ya grosari bila kujua miguu ilinifikishaje. Ndugu wawili wa kanisa letu walikuwa wanakuja kila siku mchana, tunaomba, halafu wanakaa tu. Hao sitawasahau. Hata Dodoma nilikoma kwenda kwa muda, asali nikampa mwenzangu aipeleke. Na kila nilipokaa kuandika nililiweka debe tupu karibu ya meza, nilitazame.

Na Kapela akatembea! Bwana asifiwe tena! Akavuka mbuga, akapita Ugogo akalipa hongo, akagombana na wenzake, akaumwa, akapona, akaiona bahari, akatua mzigo wake, akaanza kurudi. Mwaka mmoja na miezi minne. Asubuhi moja nikaandika kwamba ameliona paa la nyumba ya mama yake. Nikaweka kalamu chini, nikapiga simu Dodoma.

"Mtani," nikasema, "yuko mlangoni."

"Usinidanganye, we mpagazi. Soma."

Nikamsomea sura nzima. Niliposikia kimya nikadhani salio limekwisha. Kumbe analia. Halafu akanipa mwisho, kama mama alivyompa.

Kapela alifika nyumbani wakati wa kilimo. Mama yake alikuwa shambani anapalilia karanga, amempa mgongo. Kapela akasimama nyuma yake, hajui aseme nini baada ya muda wote ule. Mama alimtambua kwa kupumua kwake. Hakupiga kigelegele. Hakugeuka hata kugeuka, maana angegeuka angeanguka. Alinyoosha mkono nyuma, akampa jembe, akasema, "Umekuja? Shika jembe."

Wakapalilia mpaka mwisho wa tuta. Hapo ndipo alipogeuka akamtazama.

Niliandika mwisho ule huku machozi yanalowesha daftari. Nikaupeleka mswada wote Dar pamoja na ile barua yao ya zamani yenye selotepu. Mama mmoja wa kule alinipigia simu. "Leonsi ni wewe? Sisi tulidhani umeshafariki!" Nikamwambia, "Karibu nifariki, dada, lakini Bwana alizuia." Walinirudishia nirekebishe, nikarekebisha, wakanirudishia tena. Hatimaye kikatoka, kinaitwa *Mpagazi wa Kigwa*. Kikaja kwa treni, kwenye maboksi, na mimi nilikuwa stesheni tangu asubuhi na Agnes na binti yetu Neema. Agnes alichukua kimoja, akakisoma amesimama palepale, watu wanatupita na mizigo yao. Alipofika ukurasa wa tatu akaniangalia. "Ameinua mzigo," akasema. "Baba Neema, ameuinua!"

Kabla ya kukionyesha kwa mtu mwingine nilikwenda Kigwa. Niliketi kaburini, nikamsomea mama. Siku nzima, ndugu zangu, na sura nyingine nilizirudia mara mbili kwa kuwa nilizipenda. Nilipomaliza nikamwambia, "Mama, amefika."

Mlioalikwa kwenye ukumbi wa kanisa siku ya kukizindua mliona wenyewe. Kwaya imeimba, mchungaji ameomba, mimi nimesimama mbele na suti ya kuazima. Mara mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mama Ndahani! Amejifunga ileile kanga ya mama, ambayo kumbe aliondoka nayo pia. Mguu wa kushoto unachelewa kidogo. Nyuma yake wabebaji wawili na boksi langu, ndani kaunta buku zote kumi na moja.

"Na chupa zangu mbili ziko wapi?" mtu mmoja akamtania kwa niaba yangu.

"Hiyo ndiyo hongo!" akajibu. "Nilikunywa!"

Ukumbi ukacheka. Akaja mpaka mbele, akanigeuzia mgongo. Nikashangaa. Halafu akanyoosha mkono nyuma, na mkononi mna jembe. La mama yangu. Lile lenye mpini uliopasuka, nililodhani limepotea wakati wa msiba.

"Siku ile tunamenya karanga," akasema bila kugeuka, na sauti haikuwa ya kuigiza tena, "mama yako alisema, 'Na huyu wangu akifika, nitampa hivihivi. Nikiwa sipo, utampa wewe.'"

Nililishika. Sikuweza kusema neno lolote, na mlioona mnajua. Sasa nasema: Bwana asifiwe! Alimwandalia mama yangu mtu wa kunipokea kabla mimi sijaanza hata kurudi!

Shamba la mama Kigwa nalilima mwenyewe sasa, karanga, tuta kwa tuta, na kitabu cha pili naandika asubuhi kabla ya kwenda shambani. Dodoma nimerudi kwenda. Mama Ndahani ananipa zabibu kwenye kikapu, naongea naye chini ya mizabibu yake, nanusa divai yake na kumwambia ya mwaka gani, halafu nakunywa maji.

Ndugu yangu unayesoma, sijui wewe unafunga nini. Huenda ni barua yako ya miaka saba. Huenda ni jambo ulilomwahidi mtu, na kila siku unalianza upya. Hutakiwi kuwa mtakatifu kwanza. Mwite Bwana hata ukiwa kati ya sufuria, kwa maneno mawili tu, halafu inuka uweke mzigo begani. Atakuonyesha njiani cha kuacha. Na ukiona amekutumia mtani mwenye kelele, usimfukuze.

Karibuni Kigwa msimu huu. Karanga zimeota vizuri, na majembe yapo ya kutosha.